Saa Njema ya Kinmen

"Hata konokono mwenye mimba angetupita!" alifoka mama wa kiti cha mbele, na abiria wakachungulia madirishani kana kwamba konokono huyo angetokea kweli.

Ndege ilikuwa imeshatua kisiwani Kinmen. Ilibaki kutambaa tu hadi jengo la abiria. Lakini ukungu ulikuwa mzito, ukungu uleule uliofunga kisiwa tangu jana. Rubani wa zamu alikuwa amekwama hukohuko kisiwani, na asubuhi hiyo kule Taipei ikabidi shirika limnase Kapteni Liao, aliyekuwa likizoni. Alikuja mbio, suti yake ikiwa bado kwenye mfuko wa dobi.

Yi-chun, mhudumu aliyeketi akitazamana na mama huyo, alijaribu tabasamu alilofundishwa chuoni. Halikufaa kitu. Mama alikuwa amepakata ua jekundu lenye utepe, la kifuani mwa bwana harusi.

"Binti, piga simu huko mbele! Mwambie mwanangu anaoa leo. Mpiga ramli katupa saa njema: bwana harusi aingie ukweni kabla ya saa tano. Ikipita hiyo, tungoje mwakani!"

Yi-chun akainua simu ya ndani.

"Mwambie njia imelowa na mbele sioni," Kapteni Liao akajibu. "Nikikata kona mbio, gurudumu la mbele litateleza, sote tukalale kwenye nyasi. Na mabawa hayana macho."

Nyuma ya sauti yake rubani msaidizi alisikika akikohoa kikohozi chenye kicheko ndani.

"Mabawa!" mama akasema. "Mwambie nimelea mkaidi kama yeye, nikamnyoosha kwa fagio!"

Simu ya pili.

"Mwambie humu hakuna fagio. Nyumbani atawale yeye. Humu kapteni ni mimi."

Yi-chun aliufikisha ujumbe huo kwa sauti ya hakimu anayesoma hukumu ya kunyonga. Abiria wakaguna. Babu mmoja akapiga makofi, akaacha haraka alipotazamwa.

Ndege ikapunguza mwendo zaidi. Ghafla mkia wa ndege iliyoegeshwa ukachomoza ukunguni, ukapita kando ya bawa, karibu kiasi kwamba watu wote wakanyamaza. Wote isipokuwa mmoja.

"Saa nne na nusu! Bwana harusi ataaibika mbele ya ukoo mzima!"

Simu ya tatu.

"Na aaibike," alisema Kapteni Liao. "Bibi harusi akimtaka, atamngoja afike na miguu yake yote miwili. Usinipigie tena mpaka nisimame."

Akaisimamisha ndege taratibu, kama mtu anayeweka yai juu ya meza ya kioo. Ngazi zikasogezwa, mlango ukafunguliwa. Mama alikuwa wa kwanza kuinuka, lakini hakushuka. Alijipanga mbele ya mlango wa marubani, ua mkononi, pini imeelekezwa mbele. Yi-chun akajitia katikati, tayari kufa kazini.

Kapteni Liao akatoka na mfuko wa suti begani. Mama akampita Yi-chun kama hayupo, akalibandika lile ua kifuani pa kapteni, kwa nguvu ya mtu anayechoma sindano.

"Haya, kimbia! Mkeo anangoja!"

"Ngazi zimelowa, Mama," akasema bwana harusi, akashika reli, akaanza kushuka hatua moja moja.