Fundo la Mama Mkubwa

Raya aliporudi jioni alimkuta mama yake anatetemeka kitandani. Bega lake lilikuwa limefungwa kipande cha kanga, kimekazwa mpaka kwapani, kama anavyofungwa mtu aliyeumwa na nyoka.

"Usiguse," Mama Mkubwa alisema. "Sumu ya ile sindano haijafika moyoni."

"Si sumu, ni chanjo ya mafua. Muuguzi alituambia mkono utauma, homa itampanda kidogo, kisha itapoa."

"Nani alimpeleka?"

Raya ndiye aliyempeleka. Alikishika kiganja cha mama yake, akakikuta cha baridi, vidole vimevimba. Fundo lilikataa kufunguka kwa kucha. Akaliinamia kwa meno.

"Haya, fungua. Akifa, usinililie mimi."

Fundo likaachia. Mama akapiga ukelele mmoja, kisha akanyamaza, macho kayafumba. Raya alianza kuvisugua vile vidole, akivipulizia.

Mama Mkubwa aliokota kile kitambaa, akakiviringisha kiganjani mwake, akaketi upande wa pili wa kitanda. Hakukiweka chini, hata vidole vya mama yake Raya vilipoanza kucheza.