Chupa Kumi za Usingizi

Daktari aliimaliza chupa ya kwanza kwa mafunda mawili, akajifuta mdomo kwa mkono wa koti lake jeupe, akauliza kama kuna yeyote anayemwona anasinzia. Ukumbi wa hospitali ulicheka. Mezani mbele yake zilibaki chupa tisa, ndogo, za kahawia, zenye maandishi ya kijani: Matone ya Usingizi.

Dada yake hakucheka. Alikuwa amekaa safu ya tatu, mkoba mapajani, na jasho lilimtoka ingawa feni ilikuwa ikizunguka juu ya kichwa chake. Watu walimgeukia kila mara, maana wengi walimjua. Huyo ndiye Mama Matone, mwenye duka la homeopathi nyuma ya soko. Dawa iliyokuwa ikinywewa pale mbele ilikuwa yake.

"Watu wa homeopathi wanachukua tone moja la mmea," Daktari alieleza, "wanalizimua kwa maji. Tone la maji hayo wanalizimua tena kwa maji mengine. Wanarudia hivyo hadi mmea wenyewe haupo. Ni sawa na kuosha kijiko cha asali mtoni, kisha uwauzie watu wa bondeni asali."

Wakacheka tena. Akaifungua ya pili.

"Na hatukukaa tukabisha tu. Imepimwa. Wagonjwa waligawanywa makundi mawili, hawa matone, wale maji, na hakuna aliyejua kapewa nini, hata aliyekuwa akigawa. Majaribio madogo, ya ovyoovyo, yaliyasifu matone. Makubwa, yaliyofanywa kwa makini, hayakuona tofauti." Akanywa. Kisha akalaza kichwa mezani akajifanya anakoroma, na wauguzi wa safu ya mbele wakashika mbavu.

Hakuwa akifanya mzaha mtupu. Mwezi uliopita mgonjwa wake wa kisukari alitupa sindano zake akashika matone, akafa. Hayakuwa matone ya dada yake, lakini Daktari hakutaka kusikia hilo. Juzi alimfuata dukani akamwambia uso kwa uso kwamba atamaliza biashara hiyo.

"Wateja wangu wanalala, mdogo wangu," dada alimjibu.

"Wanalala kwa sababu wanaamini. Wewe mwenyewe unaamini?"

Dada aligeuka akaanza kupanga chupa kwenye rafu. Matone hayo ndiyo yaliyomlea huyo kijana baada ya wazazi wao kufariki, na ndiyo yaliyomsomesha huo udaktari. Shukrani ya punda ni mateke, majirani walisema. Yeye hakuona hivyo. Alimpenda kuliko alivyojipenda mwenyewe.

"Hii ni chungu kidogo," Daktari alisema baada ya chupa ya tatu. "Ujanja huo. Dawa isipokuwa chungu nani ataiamini?"

Dada alikuwa amedhani atanywa moja tu. Yeye hamuuzii mtu chupa mbili kwa mwezi, wala hamuuzii anayenuka pombe. Watu walisema ni mbinu, anaiadimisha bidhaa ili igombaniwe. Kumbe Daktari alituma watu kumi, kila mmoja akanunua yake.

Ya nne. Ya tano. Dada alimshika mkono muuguzi aliyekaa karibu naye.

"Nakuomba, nenda kamwambie inatosha. Mwambie nimekubali. Nitafunga duka leo hii."

Muuguzi akaenda, akainama sikioni kwa Daktari. Daktari alimsikiliza, akatikisa kichwa.

"Dada yangu anasema inatosha," aliwatangazia watu. "Atafunga duka. Nashukuru. Lakini nikiishia hapa, kesho watasema niliogopa. Jamani, maji yanamtisha nani?"

Wakampigia makofi. Dada alifumba macho. Aliona aibu, na woga ulikuwa mkubwa kuliko aibu.

Chupa ya sita ilimsumbua Daktari kuifungua. Kifuniko kilimponyoka kikabiringika hadi chini ya viti, na watu wakacheka. Akaanza sentensi, akaiachia katikati, akaanza nyingine.

"Mtazame," mtu mmoja alisema nyuma. "Sasa anaigiza mlevi."

Dada alisimama. Alijua kwamba akifungua mdomo, duka limekwisha na jina limekwisha, na pengine usiku huo atalala mahabusu. Alipita katikati ya viti, mkoba ukadondoka, hakuuokota. Alipofika mbele alimpokonya ndugu yake chupa ya saba ikiwa tayari mdomoni.

Ukumbi ulizomea. "Kubali tu, Mama Matone," mzee mmoja alimwambia kwa upole. "Si dhambi. Ni maji."

Daktari alimtazama kwa macho mazito. Alitabasamu, tabasamu lile lile la utotoni, akamsogezea kipaza sauti.

"Waambie, dada," alisema taratibu. "Waambie ukweli."

Akalaza kichwa mezani, akakoroma, na ukumbi mzima ukaangua kicheko.

Dada alikishika kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Mwaka wa kwanza niliuza maji, na hakuna aliyelala," alisema. "Leteni machela. Tangu hapo kila chupa naisagia vidonge vya usingizi vya mwezi mzima."