Bonde Lile Lile

Basi la Lindi lilikuwa linataka kuondoka, na yule mama wa kitenge cha njano bado ameishikilia picha kwa mikono miwili.

"Hapa ni wapi, dada?"

"Nyumbani kwangu," Fortunata alijibu. "Huko juu, Umatumbini."

"Pazuri. Mume wangu naye nahisi ni mtu wa milimani. Labda hii itamfungua mdomo."

Akalipa bila kuomba apunguziwe, akakimbilia mlango wa basi. Hivyo ndivyo Mwahija wa Mtanda, Lindi, alivyoingia katika maisha ya Fortunata, pale stendi ya Nangurukuru, kati ya muuza mayai na muuza korosho.

Fortunata alikuwa akichora bonde lile lile tangu alipofiwa. Klementi, mumewe, aliaga asubuhi moja akashuka pwani kutafuta kibarua. Baadaye zikaja habari za boti ya mizigo iliyozama ikielekea Mafia, na mtu aliyepanga naye chumba mjini Masoko akaapa kwamba Klementi alikuwamo. Maiti haikupatikana. Padri alisoma misa, Fortunata akafunga kitambaa cheusi kichwani, na matanga yalipoanuliwa akabaki na bonde.

Kila alfajiri aliitazama njia ambayo mumewe aliipanda mpaka akapotelea ng'ambo ya kilima. Siku moja akaokota kipande cha mkaa, akaichora njia ile kwenye ukuta wa nyumba. Yunusu, mwandika mabango wa Nangurukuru, ndiye aliyempa rangi zilizobaki makoponi na kumwonyesha namna ya kuzizimua. Mengine alijifunza mwenyewe: kwamba kijani cha asubuhi si kijani cha mchana, na kwamba ukungu ukiupaka rangi nyeupe unageuka moshi. Aliteremka mtoni na ubao wake kabla jua halijatoka, ndipo ashike jembe. Majirani walimcheka, mjane anayepaka milima rangi wakati magugu yanammeza.

Severini, fundi seremala aliyemtengenezea fremu, alimposa mara mbili. Mara ya pili alisema kwa upole, "Fortunata, marehemu hatakulaumu."

"Najua. Mimi ndiye nitakayejilaumu."

Mwaka uleule Severini akaoa huko Kivinje. Fremu aliendelea kumtengenezea, ila hakukaa tena kunywa chai. Nyumbani Fortunata alipika kisufuria kidogo, akala peke yake, na picha zake zikazidi kuwa nzuri.

Mwahija alirudi stendi akitokea Dar na robota lake la vitenge.

"Shoga, picha yako imeniletea makubwa! Baba Saad aliitazama mpaka ugali ukapoa. Kisha akaigeuza, ikatazama ukuta."

"Hakuipenda?"

"Kesho yake nikamkuta kaigeuza tena, kakaa nayo kitako. Mimi mume yule nimezaa naye na kwao sikujui. Ukimuuliza, anasema kwao ni barabarani. Wazazi kimya, ndugu kimya. Ananipenda, sikatai, ila ni kama mgeni ambaye mizigo yake hajaifungua."

Fortunata akamwonea huruma mwanamume asiyemjua.

"Labda kafiwa na wote," alisema. "Kuna mtu akifiwa, hata jina halitamki. Usimlazimishe. Nitakuchorea nyingine, kubwa, yenye bonde zima. Hiyo ni zawadi yangu kwake."

Aliifanya kazi ile msimu wote wa palizi. Alitaka mtu yule apate kila kitu: nyumba, jiko la makuti pembeni, migomba, mto, na kilima cha nyuma kikiwa bado na usingizi. Alifuta akarudia, akafuta tena. Kwa mara ya kwanza tangu misa ile, alijikuta akiimba huku brashi iko mkononi. Huko Lindi kulikuwa na mtu aliyelitazama bonde kwa uchungu kama wake. Hakuwa peke yake tena. Siku alipoimaliza, alikivua kitambaa cheusi, akakifua, akakianika, na jioni hakukianua.

Mwahija aliiinamia picha ile. Aligusa paa la nyumba kwa ncha ya kidole, kisha migomba, kisha njia.

"Nyumba na jiko viko hivi hivi kweli?"

"Hivi hivi. Sikuongeza kitu."

"Mungu akulipe, mwenzangu. Atafurahi. Ila usinione msumbufu. Kuna kitu kimoja ningeomba umwekee."

"Sema tu. Rangi ninazo hapa."

"Juzi nilimkuta mbele ya ile picha ndogo, anazungumza peke yake. Nilipomuuliza akanikaripia, jambo ambalo si kawaida yake. Lakini nilimsikia vizuri."

Fortunata alikwisha fungua kopo na kuchovya brashi. "Alisemaje?"

"Alisema mchoraji kaacha kulichora kaburi la mtoto, pale nyuma ya jiko."

Brashi ikadondoka vumbini.

Kaburi lile halikuwa na msalaba wala jiwe. Mtoto alizaliwa mfu masika ambayo mto ulifurika na majirani wakashindwa kuvuka. Walimzika wao wawili, Fortunata na Klementi, na hapakuwa na mtu wa tatu aliyewahi kuonyeshwa mahali pale.