Hodi ya Tatu

Ghalibu alisukuma mlango akaingia moja kwa moja, kompyuta mkononi, uso umejaa furaha.

"Bi Raya, gemu yako imezaliwa upya! Tazama picha zinavyong'aa!"

Bi Raya aliitunga gemu hiyo miaka ishirini iliyopita. Iliuzwa nakala chache, ikasahaulika, mpaka kampuni ya Ghalibu ilipoomba kuifufua. Akavaa miwani. Kwenye kioo cha kompyuta, msichana wa gemu alifika nyumba ya kwanza, akainua mguu, akauvunja mlango kwa teke.

"Nini hiki?"

"Ah, ile ya zamani ilikuwa na kasoro. Mchezaji anapiga hodi mara tatu, mlango haufunguki. Tumerekebisha."

"Kasoro?" Bi Raya aliifunga kompyuta kwa kishindo. "Ukipiga hodi tatu usijibiwe, unafanya nini?"

"Una... unaondoka."

"Na ungeondoka, ungesikia mlango ukifunguliwa nyuma yako! Ndiyo gemu yenyewe hiyo! Kwenu hukufunzwa? Hata hapa umeingia kama mbuzi. Toka!"

Akamtoa nje na kompyuta yake, akaurudishia mlango bila kutia komeo.

"Hodi," sauti ikaita nje.

Bi Raya hakujibu.

"Hodi, Bi Raya."

Hodi ya tatu ilipokuja, Bi Raya alikuwa bado na hasira. Akashika kitasa, akatega sikio: viatu vitaondoka, au kitasa kitazunguka kiganjani mwake?