Udongo wa Njano

Kashindye alikuwa amesiriba nusu ya ukuta wa nje wa nyumba ya mwanawe pale mpimaji wa mionzi aliposhuka kutoka kilimani, kwenye shimo la zamani la urani, akaomba maji.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hicho kidude chako mbona kinalia? Nacho kina kiu?"

Mpimaji alicheka, kisha akakitazama. Shimo lilikuwa mbali. Kipimo cha mionzi kilipaswa kuwa kimetulia. Alikisogeza ukutani. Kikalia mfululizo, kama dagaa kwenye mafuta ya moto.

"Udongo huu umeutoa wapi?"

"Si huko huko shimoni? Wachimbaji walipoondoka, sisi wanawake tukapata rangi. Haupasuki, na tazama unavyong'aa."

Ulikuwa wa njano kama kiini cha yai. Mpimaji alimweleza polepole kwamba maji yamepita miaka mingi kwenye nyufa za mwamba, yakayeyusha urani na kuiacha shimoni kama unga wenye mionzi ya hatari.

"Ndani je, umesiriba?"

"Ndani nilimaliza kabla mkwe wangu hajajifungua."

"Watoke, mama. Leo hii."

"Kitovu cha mtoto hakijadondoka. Kwetu hatoki mpaka kidondoke."



Kashindye alitazama mikono yake, ya njano mpaka kwenye viwiko. Aliinawa, akaisugua kwa mchanga, akainawa tena. Ndoo ya udongo akaifunika kwa gunia.

"Kukwangua tutaanza kesho," alisema.

Akasimama mlangoni bila kuingia.

"Mkwe wangu, mfunike mtoto vizuri, umlete. Ndiyo, huku nje. Nimesema mimi."