Somo la Mtu Mmoja

Kijiko, mwanafunzi alikiweka mezani kwanza, ndipo akawasha kompyuta. Kilikuwa kijiko kidogo cha bati, kimepinda shingo. Mwalimu alikwisha kuzoea kukiona kikitoka mkobani pamoja na kalamu. Chai, hakuwahi kumwona akinywa.

"Leo ndiyo leo, dada," mwalimu alisema.

"Leo ndiyo leo, mwalimu."

Alimwita dada kwa sababu siku ya kwanza alipomuuliza, "Nikuite mama nani?" mwanamke yule alitazama dirishani kidogo, kisha akajibu, "Niite dada tu. Inatosha."

Mwaka ule masomo ya kuchagua yalikuwa tele katika idara ya kompyuta. Vijana walikimbilia usalama wa mitandao na programu za simu, maana huko ndiko kwenye ajira. Somo la kusafisha sauti lilipata mwanafunzi mmoja, naye ni huyu wa masomo ya jioni, anayefika na viatu vya kazini. Mkuu wa idara alicheka mpaka miwani ikamteleza.

"Somo la mtu mmoja si somo, bwana. Ni maongezi. Mwezi huu ukiisha, chumba nawapa wenzako."

Na mwezi ulikuwa umeisha. Kazi yao yote ilikuwa ndani ya mashine za chumba kile, na kesho asubuhi zingefutwa kuwapisha wengine. Wasipompata marehemu leo, basi tena.

Hilo la marehemu dada alilisema mwenyewe, siku alipoulizwa kwa nini alichagua somo ambalo hakuna aliyelitaka. Alitoa simu kuukuu yenye kioo kilichopasuka.

"Kuna ujumbe mmoja humu. Yumo marehemu. Sina kwingine ninakoweza kumsikia."

Mwalimu hakuuliza zaidi. Mwenye kidonda hatoneshwi.

Ujumbe wenyewe ulikuwa wa mwanamume, umezama katika kelele. Chuma kiligonga chuma ovyo ovyo, bila mapigo ya kueleweka, na nyuma yake kitu kama upepo kikapanda na kushuka. Jioni baada ya jioni waliifukuza kelele ile.

"Kazi yetu ni kupepeta," mwalimu alimfundisha. "Anayesema ndiye mchele. Yaliyobaki yote ni pumba."

"Na pumba zinakwenda wapi?"

"Zinamwagwa. Programu inazifuta yenyewe."

"Naomba isizifute, mwalimu. Iziweke kando."

Mwalimu aliona ni woga wa mwanafunzi asiyeiamini bado kazi yake, akamkubalia. Wanaofanya kazi hii hawaweki pumba, lakini kumtuliza mtu moyo hakugharimu kitu. Mara nyingine alimkuta amevaa vipokea sauti, ameizima sauti ya yule bwana na kuacha kelele peke yake, amefumba macho.

"Unapepeta kinyume, dada," alimtania.

"Najifunza," alisema, akavivua.

Sasa dada alibonyeza kitufe. Mashine ikanguruma kidogo, na faili likagawanyika kuwa mawili. Mwalimu alifungua la kwanza.

"Bomba la jikoni nimelibana," mwanamume alisema kutoka kwenye spika, karibu mno, sauti yake ikikwaruza kila mwisho wa sentensi. "Lakini usilifungue kwa nguvu. Ukirudi pitia sabuni. Sisi huku hatujambo."

Mwalimu alikuwa amesafisha sauti nyingi maishani, lakini za watu walio hai. Hii ilikuja na pumzi zake, kana kwamba mwenyewe amesimama nyuma ya kiti akisubiri kujibiwa habari ya sabuni. Alijikuta akigeuka kutazama. Ukuta tu.

"Pole, dada," alisema taratibu. "Lakini umempata. Hata anavyovuta pumzi unamsikia."

Mwanamke hakulia, wala hakutabasamu. Aliitazama spika kama mtu aliyekwenda stendi kupokea mgeni, akamwona jirani ndiye anayeshuka kwanza.

"Hodi."

Mwalimu aliitazama kompyuta. Faili lilikuwa limekwisha, spika zilikuwa kimya. Sauti ilitoka mlangoni. Ni ileile, na ule mkwaruzo wake mwishoni.

Mlangoni alisimama mwanamume mwenye ovaroli ya fundi, kofia mkononi.

"Samahani, mwalimu. Nimemfuata mke wangu." Mgeni aliingia hatua moja, akamtazama mkewe, akauliza kwa kunong'ona, "Umempata?"

"Bado. Umemziba wewe." Alikichukua kijiko mezani, akakifumbata. "Mwalimu, huyu unaweza kumfuta. Tufungulie pumba."

Mwalimu alifungua faili la pili. Chuma kikagonga chuma, ovyo ovyo, na bila mtu kusema juu yake kilikuwa kijiko juu ya mfuniko wa sufuria. Kikanyamaza. Kisha ule waliouita upepo ukasogea mpaka kwenye simu, ukawa kicheko, na ndani ya kicheko, kwa kinywa ambacho meno yake yalikuwa bado kutimia, neno moja.

"Mama."