Pipa la Mwisho la Shemsa

Shemsa alikuwa amechoka hata kope zilimlemea. Kwa miaka mingi alikuwa akibadilisha vinasaba vya hamira, ili sukari isigeuke pombe bali asidi ya kuhifadhia vyakula. Hamira ilitii. Ikatoa asidi kwa bidii mpaka asidi yenyewe ikaiua, pipa baada ya pipa. Sasa lilibaki moja, nalo lilikuwa limenyamaza, halitoi hata povu. Adhuhuri mkuu wa maabara angeleta watu wa kulimwaga, kazi ifungwe.

"Imekufa," alimwambia Mwinyi, jirani yake wa meza.

"Imelemewa tu, dada. Kila ikichoka unaiongezea sukari. Mtindo wako ni punda afe, mzigo ufike."

"Unaisema hamira au unanisema mimi?"

"Nyote wawili. Hebu kaa."

Shemsa akacheka kidogo, akakaa. Mwinyi akachota chokaa ya unga, akaitia pipani kidogo kidogo kupunguza ukali wa asidi, akikoroga taratibu kama anayepoza uji wa mgonjwa. Shemsa akalaza shavu mezani. Usingizi ulipoanza kumchukua, alihisi koti la Mwinyi likishuka mabegani mwake, lingali na joto.

Kwa jicho moja aliona povu dogo likipanda ndani ya pipa, likapasuka. La pili lilikawia.

Mlango ukafunguliwa, mpira wa kumwagia ukaburutwa sakafuni. Viatu vya Mwinyi vikasogea bila haraka, vikasimama mbele ya pipa.